Nyumba ya 1974 yenye dari ya bisi: nimeshakwangua kipande kabla ya kupima. Wakuu, nisaidieni

BabaNeema (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wikendi.

Mwezi uliopita tumekabidhiwa funguo za nyumba hapa Columbus, Ohio. Imejengwa 1974, ina vyumba vitatu, sebule ndefu na korido ya kuunganisha. Ukiacha jiko na bafu, dari ya nyumba nzima ina zile chenga nyeupe zilizogandishwa kama bisi. Wenyewe wanaiita dari ya popkoni. Mama Neema hataki kuiona. Anasema akilala chali anahisi kama mtu kamwaga mtindi juu ukaganda.

Jana Jumamosi nikapanda ngazi na skrepa, nikaanza na korido. Nimekwangua kama meta moja kwa nusu, kavukavu. Inatoka kirahisi ajabu, inashuka kama unga wa muhogo. Nikafagia, nikapitisha vakyumu, nikajipiga picha na kumtumia jamaa wa kazini kwa mbwembwe. Akanijibu neno moja: "Umepima?"

Nikamuuliza nipime nini. Jibu lake limeninyima usingizi: asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyowekwa kwenye dari za zamani, ambayo vumbi lake ukilivuta linaweza kukuletea saratani. Aliyekuja kuikagua nyumba kabla hatujanunua aliandika kurasa 40, lakini dari hakuigusa hata kwa mstari mmoja.

Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 2. Nianzie wapi?

---

FundiRangi254

Boss, shuka kwenye ngazi kwanza. Niko Minneapolis, kazi yangu ni rangi na bodi za jipsamu, mwaka wa 11 sasa. Fanya haya leo leo:

Zima mfumo wa joto na hewa wa nyumba. Ule unavuta hewa ya korido na kuisambaza mpaka vyumbani. Watoto wasipite hapo. Usifagie tena, na hiyo vakyumu usiiwashe tena kabisa. Vakyumu ya kawaida inashika mchanga, lakini vumbi laini linapenya kwenye kichujio na kutokea nyuma. Unakuwa umelipuliza tu.

Chukua vitambaa na ndoo ya maji yenye sabuni ya vyombo. Futa sakafu, kuta, na juu ya fremu za milango. Kitambaa kikichafuka usikisuuze, kitie kwenye mfuko, chukua kingine. Funga mfuko, utie ndani ya mfuko wa pili. Halafu bandika nailoni juu ya hicho kipande ulichokwangua, uikaze kwa tepu.

Nguo ulizovaa jana ziko wapi?

---

BabaNeema

Ziko kwenye kikapu cha nguo chafu, na za watoto.

---

FundiRangi254

Zitoe. Hizo nazo mfuko mara mbili.

---

Kibandabweko

Watu wa mtandaoni mnapenda kutiana presha. Mimi Houston 2016 nilikwangua nyumba nzima na shemeji yangu, tumevaa barakoa za buluu za hospitali, tunakunywa soda. Mpaka leo niko fiti na nacheza mpira kila Jumapili. Mkuu kwangua, paka rangi, maisha yaendelee.

---

NesiAsha

Kaka Kibandabweko, naomba Mungu uendelee kucheza mpira. Ila hesabu yako haijafika. Magonjwa ya asbesto hayaji wiki ijayo. Saratani ya utando wa mapafu huchukua miaka 20 mpaka 50 tangu mtu alipovuta lile vumbi. Mtu wa 2016 hawezi kusema amepona, kwa sababu muda wenyewe wa kuugua bado. Huenda dari yako haikuwa na kitu. Ndiyo maana watu wanaambiwa wapime.

BabaNeema, na wewe usijimalize kwa mawazo. Hatari inategemea umevuta kiasi gani na kwa muda gani. Walioumia zaidi ni wa viwandani, wa meli, wa migodini, waliovuta kila siku kwa miaka. Kipande cha meta moja siku moja si sawa na hicho. Hakuna kipimo cha damu cha kukimbilia kesho. Mweleze daktari wako iandikwe kwenye faili, basi. Kama unavuta sigara, hapo ndipo pa kushughulika, maana sigara na asbesto vikikutana kwenye pafu moja hatari ya saratani inapanda mno kuliko kila kimoja peke yake.

Na hilo la nguo Fundi hajakuonea. Wapo wanawake walioumwa bila kukanyaga kiwandani hata siku moja. Walikuwa wakifua ovaroli za waume zao.

---

BabaNeema

Asante dada Asha, nimepumua kidogo. Sigara situmii. Nimefuta korido mara tatu. Sasa naomba kuelewa: ni kila dari ya bisi ina hii kitu, au zingine salama?

---

FundiRangi254

Si kila moja, na kwa macho hutajua. Hata mimi na miaka yangu 11 sijui kwa macho, na fundi akikuambia anajua kwa kuangalia, mwambie arudishe ngazi yake kwenye gari.

Historia kwa ufupi. Hizi dari zilishamiri Marekani kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1980. Sababu kubwa haikuwa urembo. Kuunganisha bodi za dari zikawa laini bila mstari kuonekana ni kazi ya fundi mzuri na ya siku kadhaa. Mashine ya kupuliza inamaliza chumba kabla ya chai ya saa nne, na inaficha kila kosa. Kwa hiyo ukiziondoa, jiandae kukutana na aibu za fundi wa 1974, ziko pale chini zinakusubiri.

Asbesto iliwekwa kwa sababu haiungui, inashikilia mchanganyiko, na ilikuwa rahisi. 1973 EPA, shirika la mazingira la Marekani, ilipiga marufuku kupuliza asbesto kwa ajili ya kuzuia moto na joto. Ya mapambo, kama hiyo yako, ikaguswa 1978. Lakini mali iliyokuwa tayari madukani iliruhusiwa kuisha, ndiyo maana hata nyumba ya mwanzoni mwa miaka ya 80 huwezi kuiamini. Yako ya 1974 imekaa katikati kabisa ya msimu.

Pia kabla ya 1978 rangi nyingi za nyumba zilikuwa na risasi, namaanisha yale madini. Kama kuna mtu aliwahi kupaka rangi juu ya hizo bisi, hiyo nayo pima.

---

Mwanakwerekwe_UK

Salaam kutoka Leicester. Huku kwetu ndugu yake anaitwa Artex. Si bisi, ni michoro ya duara duara kama mtu kapitisha kitana kwenye keki. Asbesto nyeupe ilikuwemo mpaka katikati ya miaka ya 80, na Uingereza ilipiga marufuku asbesto yote 1999. Kwa hiyo nyumba yoyote ya kabla ya 2000 tunaichukulia inayo mpaka ipimwe.

Mimi sikuondoa. Fundi alipaka gundi maalumu, akapiga plasta laini juu yake, siku mbili kwisha. Asbesto bado ipo, imelala. Nimebandika karatasi kwenye kisanduku cha umeme kumwonya fundi atakayekuja kutoboa.

---

Tabora_Stesheni

Samahani wakuu, niulize toka Bongo. Sisi tulikulia kota zenye mapaa ya asbesto, yale mazito ya kijivu yenye mawimbi. Tumekinga maji ya mvua humo utoto mzima. Ni kitu kilekile?

---

NesiAsha

Madini ni yaleyale, umbo ndilo tofauti. Kwenye yale mapaa nyuzi zimefungwa ndani ya saruji, ngumu, hazitoki ovyo zikiwa nzima. Shida inaanza pale paa linapovunjwa kwa nyundo, linapokatwa kwa grenda, au likichakaa mpaka uso unakuwa unga. Dari ya BabaNeema ni laini, unaiponda kwa vidole. Hiyo inaachia nyuzi hata kwa kuguswa na ufagio wa buibui.

Kuhusu maji, hofu kubwa ya asbesto ni ya kuvuta kwa pua. Mnapobomoa ndipo pa kuogopa. Nimeona kwa macho yangu mafundi wanaangusha mashiti toka juu yanapasuka chini, watoto wanaokota vipande wanachorea hopskochi.

---

Tabora_Stesheni

Hapo kwenye vipande vya kuchorea umenigusa. Tuliita chaki.

---

BabaNeema

Wiki mbili baadaye, narudi na majibu.

Nilitafuta maabara inayopokea sampuli kwa posta. Bei kama dola 40 kwa sampuli. Niliuliza ngapi zinatosha, wakanipa kanuni inayotumika mashuleni: eneo la aina moja likiwa chini ya futi za mraba 1,000, chukua tatu. Sababu ni kwamba ule uji ulikorogwa kwa mikupuo, pipa moja laweza kuwa na nyingi na jingine kidogo. Nikachukua tatu eneo la sebule na korido, tatu vyumbani.

Namna nilivyochukua: feni zimezimwa, familia iko kwa jirani, barakoa ya mpira yenye vichujio vya zambarau vya P100, maana Fundi aliniambia pembeni kwamba N95 ya karatasi haihesabiki kwa asbesto. Nailoni chini. Nikapuliza maji yenye tone la sabuni mpaka pakalowa, nikakata kiasi cha kijiko cha chai mpaka kwenye bodi yenyewe, nikatia kwenye mfuko wa zipu, nikafuta kisu kwa karatasi yenye maji, nikaziba kidonda kwa rangi. Kila mfuko na jina la chumba.

Majibu: vyumbani zote tatu hakuna. Sebule na korido, mbili asilimia 3 ya krisotili, yaani asbesto nyeupe, moja hakuna. Nikashangilia ile moja. Jamaa wa maabara akanishusha: eneo moja likitoa sampuli moja inayozidi asilimia 1, eneo lote unalihesabu linayo.

Jirani mzee wa hapa akanifumbulia kwa nini vyumba ni tofauti. Paa lilivuja mwishoni mwa miaka ya 80, upande wa vyumba dari ikavunjwa yote na kupulizwa upya.

---

FundiRangi254

Sasa una nyumba mbili ndani ya moja. Vyumbani ingia mwenyewe, hiyo ni kazi ya jasho tu. Sebule na korido mimi sigusi na wewe usiguse. Sheria ya shirikisho ya ubomoaji haiwabani wenye nyumba za familia moja mpaka nne, na majimbo mengi yanakuruhusu kukwangua kwako mwenyewe, lakini kuruhusiwa si kuweza. Pigia ofisi ya mazingira ya jimbo lako uulize hilo na uulize taka zake zinatupwa wapi, maana jalala la kawaida hazipokelewi hivihivi.

Una njia tatu. Iache kama ilivyo, isiguswe. Ifunike kwa bodi mpya za jipsamu, hapo unatoboa skrubu kidogo na unamwambia mnunuzi wa kesho kilichopo chini. Au waite wenye leseni waitoe. Ungekuwa hujakwangua korido ningekuambia funika. Lakini pameshachokonolewa.

Kabla ya yote, chungulia darini juu kabisa, chini ya paa. Ukiona vijiwe vyepesi vya rangi ya dhahabu na kijivu, vinametameta kama maganda, usipande. Hiyo ni vemikulaiti, ilimwagwa kuzuia joto na baridi. Nyingi iliyouzwa Marekani mpaka 1990 ilitoka mgodi wa Libby, Montana, na ule mgodi ulikuwa na asbesto.

---

BabaNeema

Nimechungulia kwa tochi. Ni pamba za waridi tu. Alhamdulillah.

---

Kibandabweko

Mkuu hao wenye leseni wamekupiga shilingi ngapi? Uliza kwa niaba ya rafiki.

---

BabaNeema

Niliita watatu. Wa chini na wa juu wamepishana karibu mara mbili. Nimechukua wa kati, dola 3,900 kwa sebule na korido. Mama Neema ameahirisha kochi.

Nisimulie walivyofanya kwa sababu nilijifunza. Siku ya kwanza hawakugusa dari kabisa. Walifunika sakafu na kuta kwa nailoni nzito, wakaziba matundu ya hewa, wakajenga kijumba cha vyumba vitatu mlangoni: cha kuvulia, cha kuogea, cha kuvalia nguo safi. Kisha wakafunga mashine ya kunyonya hewa yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi laini kabisa, bomba lake nje ya dirisha. Ilipowashwa, nailoni yote ya mlangoni ikabonyea kwa ndani kama mashavu ya mtoto anayefyonza juisi ya kwenye mrija. Msimamizi akanionyesha: ikibonyea ndani, hewa inaingia haitoki. Ikilegea, kazi inasimama.

Siku ya pili wakalowesha, wakakwangua, wakalowesha tena. Kilichotoka kilikuwa matope, hata chembe ya vumbi sikuiona. Mifuko miwili miwili, imebandikwa onyo.

Siku ya tatu akaja mtu wa kampuni nyingine kupima hewa. Hapo ndipo FundiRangi nakushukuru, uliniambia anayesafisha asijipimie mwenyewe. Ikapita, nailoni ikafunguliwa.

---

FundiRangi254

Na vyumbani?

---

BabaNeema

Vyumbani ndiko nilikoonja ufundi.

Nilinunua bomba la kupulizia, lile la kupampu kwa mkono. Likanikumbusha tulivyokuwa tukipulizia kahawa dawa kwa babu, isipokuwa safari hii shamba liko juu ya kichwa. Nilizima umeme wa vyumba kwenye swichi kubwa kwanza, maana maji yanashuka mpaka kwenye taa. Nikapuliza eneo la kama meta moja kila upande, nikasubiri dakika 15, nikapuliza tena kidogo. Ukizidisha maji karatasi ya bodi inavimba na tepu za maungio zinabanduka, nilijua hilo baada ya kubandua moja.

Skrepa nilizungushia pembe zake kwa tupa kama ulivyosema. Usipofanya hivyo pembe inachimba bodi. Ukiilaza karibu na dari, bisi zinashuka kwa mkanda mmoja laini kama uji mzito, zinaanguka kwenye nailoni kwa kishindo kidogo. Nikiri, inapendeza. Mtoto wa miaka 6 alitaka kujaribu, nikamkatalia.

Chumba cha kwanza kilinichukua muda wa saa tatu. Cha pili, muda wa saa mbili. Cha tatu kilinikomesha. Mwenye nyumba wa zamani alikipaka rangi, maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba. Rangi nilishapeleka maabara, risasi hakuna. Nikapuliza, nikaparua kidogo ile ngozi ya juu, nikapuliza tena. Siku nzima na shingo haigeuki.

Halafu nikaziona zile aibu ulizonitabiria, ila huku ni za fundi wa miaka ya 80. Maungio hayakusawazishwa, vichwa vya misumari viko wazi, na kuna mahali fundi aliandika namba za simu kwa penseli.

---

Mwanakwerekwe_UK

Hizo namba ungepiga.

---

FundiRangi254

Haha. Hapo piga puti mara mbili au tatu, nyembamba, kila mkono ukauke. Usisugue kwa msasa mkavu, utajaza nyumba unga mweupe na Mama Neema atakurudisha kota. Tumia sifongo lenye maji, linasawazisha bila vumbi. Washa taa uiweke pembeni karibu na dari, vibonde vyote vitajionyesha. Halafu praima, ndiyo rangi.

---

NesiAsha

Na barakoa bado ivaliwe kwenye puti. Unga wa puti si asbesto lakini mapafu hayaupendi.

---

Kibandabweko

Wakuu, yule rafiki yangu wa Houston anauliza: kama alishakwangua 2016, kuna sehemu anaweza kupima sasa? Kabati la nguo hakulifikia, dari yake ya zamani bado ipo.

---

NesiAsha

Mwambie rafiki yako alowanishe, akate kijiko kimoja cha chai, apeleke. Ikiwa haina kitu, alale. Ikiwa inayo, amweleze daktari wake, alifunge hilo kabati bila kulichokonoa, na shemeji naye aambiwe.

---

Kibandabweko

Sawa dada. Natuma Jumatatu.

---

BabaNeema

Swali la mwisho Fundi, niko dukani hapa na mkokoteni. Mama Neema anataka rangi ya dari yenye kung'aa kidogo, eti inafutika. Mimi naona ile isiyong'aa kabisa. Nichukue ipi?

---

FundiRangi254

Isiyong'aa. Umejifunzia ufundi kwenye hiyo dari, na ikipakwa ya kung'aa, jioni taa ikiwaka kila mkwaruzo wa skrepa yako utasomeka toka mlangoni.